Safu ya Upepo kwenye Fomu ya Maji

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ila mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka zaidi ya thelathini hana tena haja kubwa na saa. Nimeitundika sebuleni hapa Mkolani, juu ya runinga, na kila asubuhi naitazama kwa kujifurahisha tu. Ikifika saa moja na nusu najua mpo kwenye foleni ya kivuko na kiboksi cha barafu, na mimi nipo na chai yangu na kiazi.

Siku ile ya kuniaga mmoja wenu, simtaji, alitania kwamba kwa kuwa Mama Chupa, ndiye mimi, anaondoka, labda sasa ile safu ya upepo itafutwa kwenye fomu. Watu walicheka na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikakuta lile neno bado ninalo. Fomu yetu ya kuchukulia sampuli za maji ina sehemu ya mahali, tarehe, saa, joto la maji, na mwisho kabisa, pembeni, safu nyembamba iliyoandikwa "Upepo". Najua mnaijaza kwa kubahatisha. Nimewahi kuona fomu za wiki nzima zimeandikwa "upepo wa kawaida". Upepo wa kawaida ndio upi, jamani? Basi nimekaa chini niwaandikie ile safu ilikotoka. Mkimaliza kusoma mkaona bado haina maana, ifuteni, mimi sitakuja kuwagombeza. Nimestaafu.

Niliingia maabara nikiwa binti mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vya kisigino. Aliyenipokea alikuwa Mzee Magesa, fundi sanifu wetu, Mjita mfupi asiyecheka ovyo, ambaye alikuwa anavaa mabuti ya mpira hata siku za kukaa ofisini. Aliitazama miguu yangu akauliza, "Viatu vizuri. Vya kanisani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi virudishe kanisani." Kesho yake nikaja na mabuti ya kaka yangu, makubwa, nikayajaza magazeti kwenye vidole. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya serikali.

Wiki ya kwanza nzima hakunipeleka ziwani. Alinipa chupa na kunisimamisha kwenye bomba la uani, nijaze, aje atazame, amwage. Nilikuwa najaza mpaka juu kama mtu anayepimiwa mafuta ya taa. Yeye alitaka niache nafasi ya vidole viwili, maana maji yaliyobanwa hayachanganyiki vizuri ukija kuyatikisa. Kifuniko usikiweke chini, kishike kwa vidole vya mwisho. Mdomo wa chupa uelekee maji yanakotokea, siyo yanakokwenda. Andika kwa kalamu ya risasi kabla hujapiga hatua ya pili, kwa sababu wino ukilowa unayeyuka na kichwa cha mtu kikichoka nacho kinayeyuka. Chupa iingie kwenye barafu hapo hapo, na ifike maabara kabla ya muda wa saa sita kupita tangu uijaze. Barafu tulikuwa tunaomba kwa wauza samaki, na ndiyo maana kwa miaka mingi kiboksi chetu kilinuka sangara, na mimi pia.

Tulipokwenda ziwani mara ya kwanza, ufukwe mmoja upande wa Butimba, nilimwona anasimama na kuligeuzia ziwa mgongo. Akakaa hivyo muda mrefu anatazama nchi kavu, mikono nyuma. Nilidhani anasali, nikainamisha kichwa. Alipogeuka akanikuta hivyo akaniuliza naumwa nini. Kumbe alikuwa anatafuta uchafu unakoshukia, mfereji, choo, zizi la ng'ombe. "Angalia juu kwanza, Sabina," aliniambia. "Ziwani hakuna aliyejenga choo." Nililishika lile jambo. Sikujua kwamba siku moja ningelishika nusu tu, na nusu nyingine ningeipuuza kwa miaka mitatu.

Mzee Magesa alistaafu akafa, Mungu amrehemu. Aliniachia mabuti yake, ambayo yalinitosha bila magazeti, na kichupa cha unga mwekundu rafu ya juu. Ule unga ni wa kufuatilia maji. Kwenye chupa ni mwekundu kama pilipili ya kusaga, ukigusa maji unakuwa kijani kikali cha kuumiza macho. Unaumwaga chooni kwa mtu, halafu unakwenda kusubiri utokee wapi. Alisema nisiutumie mpaka niwe na uhakika, kwa sababu mtu ukishamwonyesha uchafu wake una rangi hamtasalimiana vizuri muda mrefu.

Sasa nije kwenye bendera.

Ng'ambo, upande wa Sengerema, kuna hoteli ndogo ya ufukweni ya Bwana Jitesh. Ni mtu wa hapa hapa. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa Mwanza mjini, na Jitesh mwenyewe Kisukuma anakisema kuliko watoto wangu. Aliacha vitambaa akanunua kipande cha ufukwe chenye mchanga mzuri, akajenga vyumba vinane na banda la kulia samaki. Ukiwa ufukweni umelitazama ziwa, mkono wako wa kulia kuna mawe makubwa yaliyopangana yanaingia mpaka majini, na nyuma ya mawe yale ndipo ulipo mwalo, mahali dagaa wanaposhushwa asubuhi, akina mama wakawanunua na kuwaanika. Mawe tu ndiyo yaliyotenganisha mchanga wa wageni na mchanga wa dagaa.

Jitesh alisikia kwamba lipo shirika linalotoa cheti cha mazingira kwa fukwe, na ukikipata unapewa bendera nyeupe yenye jani la kijani uipandishe mlingotini. Wageni kutoka nje wanaitafuta hiyo bendera kwenye simu kabla hawajalipia chumba. Akaomba. Akaja mkaguzi kutoka Dar, kijana mtaratibu anaitwa Erick, na orodha ndefu kwenye kishikwambi chake. Mapipa ya taka ya rangi tatu. Tangazo bafuni la kumwomba mgeni asibadilishiwe taulo kila siku. Ubao wa kueleza ndege wa ziwani. Taa zisizokula umeme. Na maji ya kuogelea yapimwe kila mwezi na maabara inayotambulika, ambayo ndiyo sisi, ambayo ndiyo mimi.

Sitaki mdhani nilikuwa naicheka. Nilifurahi sana. Kabla ya bendera hakuna hoteli hata moja iliyowahi kutuita tupime maji yake kwa hiari. Tulikuwa tunaitwa watu wakishaharisha. Nikaona, hatimaye, watu wanataka kujua. Kila mwezi nilivuka na kivuko cha asubuhi, saa mbili na nusu nipo ndani ya maji mpaka magotini na mabuti ya Mzee Magesa, saa nne nimerudi kivukoni, na sampuli inafika ikiwa baridi kabisa. Mwongozo wa bendera ulisema sampuli ichukuliwe asubuhi, na sababu yake ni ya maana: jua linaua vijidudu, kwa hiyo asubuhi kabla jua halijawaka ndipo maji yanapokuwa katika hali mbaya zaidi. Ukipima asubuhi ukakuta safi, mchana yatakuwa safi zaidi. Kwenye karatasi hilo halina kasoro, na ratiba ya kivuko nayo ilikubali.

Mwezi wa pili au wa tatu, nikiwa nafunga kifuniko, mama mmoja alikuwa amekaa juu ya yale mawe anakula muwa. Mama Nyabise, kiongozi wa akina mama wa dagaa, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza, "Wewe mama wa chupa, mbona kila siku unakuja ziwa likiwa limeondoka?"

Nikamwambia ziwa lipo, nimesimama ndani yake.

"Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unayapeleka maji kule," akasema, akinyoosha muwa kuelekea katikati. "Saa nane, saa tisa, upepo unageuka. Ndipo yanarudi na kila kitu chake. Sisi kwa upepo ule ndiyo tunageuza dagaa. Wageni nao ndiyo saa yao ya kuoga. Wewe unapima maji ambayo hakuna anayeyaoga."

Na mimi, mwenye cheti, nikamjibu kwamba mwongozo unasema asubuhi. Nikaeleza habari ya jua na vijidudu kwa sauti ya mwalimu wa darasa la tatu. Mama Nyabise akanisikiliza mpaka mwisho, akatema kapi la muwa, akasema, "Haya mama." Mkisikia mama wa mwaloni anasema "haya mama", mjue mmeshindwa, ila amewaonea huruma. Mimi sikujua. Nikaenda zangu na kiboksi.

Majibu yalikuwa mazuri mwezi baada ya mwezi. Kwenye kile kichujio cheupe, ambacho vijidudu vikiota vinaonekana kama nukta, nilikuwa nahesabu nukta mbili, tatu, siku nyingine hakuna. Nikaandika "Maji safi", nikasaini, nikagonga muhuri. Bendera ikapanda. Wageni wakaja kweli kweli, mpaka Jitesh akaongeza vyumba sita nyuma, upande wa mawe. Nakumbuka alinitembeza kunionyesha vigae vya bafuni akiwa amefurahi kama mtoto. Nikasifia vigae. Mimi mwanafunzi wa Mzee Magesa, niliyefundishwa kuangalia juu, sikuuliza maji ya vyoo sita vipya yanakwenda wapi.

Mwaka wa tatu wageni walianza kulalamika. Mmoja tumbo, mwingine ngozi inawasha, wengi wanasema jioni panatoa harufu. Erick akaja kukagua upya. Akasoma faili langu, miezi thelathini na zaidi ya "Maji safi" kwa mwandiko wangu, akafanya hesabu ambayo hata mimi ningeifanya. Kama maji ni safi, basi tatizo ni dagaa. Akaandika kwamba bendera itaendelea kwa sharti moja, shughuli za mwalo zihamishwe upande wa pili wa ghuba. Ofisi ya kijiji ikaandikiwa, na akina mama wakapewa mpaka mwisho wa kiangazi.

Mimi sikuwa na habari. Nilijua siku Mama Nyabise alipovuka kuja maabara.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi la korido, kitenge kipya, miguuni kifurushi cha dagaa. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kifurushi kwanza, maana heshima ni heshima. Kisha akatoa barua kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Nyuma yake palikuwa pamebanwa nakala ya majibu yangu ya maji.

"Hii saini ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Sikuja kugombana. Kule wanakotupeleka ni tope na matete. Dagaa hawakauki kwenye tope. Tupo wanawake arobaini na kitu, wengine wanasomeshea pale pale, mimi nimezika mume nimelea wajukuu kwa mchanga ule." Akailaza barua gotini. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Haya maji uliyapima saa ngapi?"

Nikaichukua ile karatasi niisome, kana kwamba sikuijua. Fomu yetu ya zamani haikuwa na sehemu ya saa. Ilikuwa na tarehe, mahali, na saini. Nikasema, "Asubuhi, mama."

"Zote?"

"Zote."

Hata "haya mama" hakusema. Nitawaambia ukweli, nimewahi kusemwa na wakubwa, nimewahi kurudishiwa ripoti, nimewahi kuanguka na sampuli kumi na mbili mbele ya mkuu wa mkoa. Sijawahi kuona aibu kama ile ya korido. Alishanipa jibu mwaka wa kwanza, bure, akiwa anakula muwa.

Kesho yake nikavuka na kivuko cha mchana. Sikumwambia mtu. Saa tisa nikaingia majini pale pale ninaposimama siku zote, chini ya bendera. Upepo ulikuwa umegeuka kama alivyosema, unanipiga usoni kutoka ziwani, na mawimbi madogo yanakuja kwa ubavu yakizunguka mawe. Nikachukua chupa tatu. Nikabana kiboksi kifuani, nikawahi kivuko, nikafika maabara jua bado lipo, nikachuja mwenyewe na kuacha vijidudu viote usiku kucha. Kesho yake nilipofungua, kichujio kilikuwa kimejaa. Hapakuwa na nukta za kuhesabu, palikuwa na utando. Nikarudia wiki nzima, asubuhi na alasiri. Asubuhi safi, alasiri utando. Na vile vijidudu vilikuwa vya choo cha binadamu, dagaa hawajengi choo.

Ndipo nikashusha kile kichupa cha unga mwekundu. Nikakipangusa vumbi.

Nilikwenda kwa Jitesh moja kwa moja, sikutaka kumvizia. Nikamweka chini kwenye banda lake la samaki, nikamwonyesha vichujio vya asubuhi na vya alasiri. Akavigeuza kimoja kimoja. "Ni hao wa mwaloni, dada Sabina. Choo hawana. Unajua hawana."

"Huenda," nikasema. "Huenda ni wao. Huenda ni wewe. Huu unga utatuambia. Mwaga wewe mwenyewe, usije ukasema nilikufanyia."

Akakasirika. Akasema fundi wake ni mtu wa kuaminika, shimo analo, risiti anazo. Kisha, na hili nampa heshima yake mpaka leo, akanyoosha mkono akasema, "Lete." Akaingia chumba cha mwisho cha vile vipya, akamwaga, akavuta maji. Akatoka anapangusa mikono kwenye suruali. "Twende basi mwaloni. Tukae na akina mama."

Tukapanda mawe, tukashuka upande wa pili. Akina mama walikuwa wanageuza dagaa. Mama Nyabise akamtazama Jitesh, akamsalimia kwa Kisukuma, akampa kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa kamba. Mimi nikakalia ndoo. Tulikaa pale kama robo saa. Jitesh akauliza bei ya dagaa. Akaambiwa. Akasema imepanda. Akaambiwa kila kitu kimepanda.

Kisha mama mmoja aliyekuwa anasuuza beseni akanyoosha kidole.

Chini ya jiwe kubwa, kwenye ufa ambao mtu akiwa hotelini hawezi kuuona, kijani kilikuwa kinatoka. Kwanza kidogo, kama mtu anakamua limau, halafu kikafunguka. Kulikuwa na bomba ndani ya ufa. Fundi alikuta shimo la zamani limejaa kwa vyoo vya vyumba vinane, akaona vyoo sita zaidi havitaingia, akalitoboa ukuta wake na kulipeleka bomba upande ambao Erick hakuwahi kuvuka, kwa sababu mpaka wa ufukwe wenye cheti uliishia kwenye mawe. Akina mama walishazoea harufu. Walijua inatoka kule, ila nani angewasikiliza, wao waliokuwa wananuka dagaa?

Upepo ukafanya kazi yake. Ile rangi haikwenda ziwani. Ilijikunja ikazunguka mawe, taratibu, ikaelekea kwenye mchanga wa hoteli. Tukapanda juu kuitazama. Kulikuwa na wageni watatu majini, na Jitesh akakimbia kuwatoa huku anaita, hajali viatu. Akabaki amesimama kwenye maji yaliyokuwa kijani kuzunguka suruali yake yote, kijani kile kile cha jani la bendera juu ya kichwa chake. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Sikufanya hata kimoja, nikachukua sampuli.

Jioni ile kivukoni alinisindikiza, hajabadilisha suruali. Akasema, "Umenivua nguo mbele ya akina mama, dada." Nikamwambia, "Na mimi nilivuliwa na mmoja wao wiki iliyopita." Hatukuongea tena kwa miezi miwili.

Niliandika ripoti nikaipeleka kila mahali, kijijini, wilayani, kwa Erick, kwa wakubwa wangu. Niliandika pia kwamba ripoti zangu zote za nyuma zilikuwa za kweli na hazikuwa na maana. Mkubwa mmoja alinishauri niifute ile sentensi ya mwisho. Sikuifuta. Barua ya kuwahamisha akina mama ikafutwa. Shirika likasimamisha cheti. Bendera aliishusha Jitesh mwenyewe, mchana kweupe, akaikunja akaiweka kwenye droo ya mapokezi, na hajawahi kuitupa.

Watu wa hoteli waliogopa kufukuzwa kazi, na mimi niliogopa kwa niaba yao. Wageni wa nje walipungua msimu mmoja. Wa hapa hawakupungua. Sijawahi kukutana na mtu wa Mwanza aliyevuka ziwa kwa ajili ya bendera. Wanavuka kwa ajili ya samaki na kupiga picha.

Baada ya miezi miwili Jitesh akanipigia simu kuuliza shimo liwe mbali kiasi gani na maji. Nikajua amepoa. Alichimba mawili makubwa juu kabisa, nyuma ya barabara, akaziba ule ufa kwa zege. Halafu akafanya jambo ambalo sikumshauri, akajenga vyoo vinne upande wa mwalo na kuviunganisha kwenye shimo lake. Nilipomuuliza akasema Mama Nyabise alimwambia kwamba kama maji ni mamoja basi na choo kiwe kimoja. Akina mama wenyewe ndio wanaovifagia, kwa zamu. Mkipita pale ingieni muone. Ni visafi kuliko vyetu vya maabara, samahani.

Vijana wengine mmeniuliza kama hizi bendera zinasaidia. Mnaulizwa hata kwenye semina. Nawajibu kama nilivyoona. Yale mapipa ya rangi tatu bado yapo na yanatumika. Taa zipo. Ndege wa kwenye ubao hakuna anayewasoma ila hawamdhuru mtu. Bendera ndiyo iliyonipeleka mimi kwenye yale maji kila mwezi, bila yenyewe nisingefika. Na bendera hiyo hiyo ndiyo iliyoleta wageni waliojaza shimo, ikachora mstari na kuuacha uchafu upande wa pili, na nusura iwafukuze watu pekee waliojua upepo unageuka saa ngapi. Kilichosafisha maji ni shimo, zege, na mama aliyepanda kivuko kuja kuuliza swali. Cheti kinaweza kuwa na faida kama anayekitoa atakubali kukaa mpaka alasiri.

Baada ya hapo ndipo nilipoomba fomu ibadilishwe. Safu ya saa ilikubaliwa bila shida. Safu ya upepo walinizungusha karibu mwaka, wakisema haina kipimo. Nikawaambia hamhitaji kipimo, anayechukua sampuli aandike tu unatoka nchi kavu au ziwani, na kama hajui amuulize mtu aliyepo. Hiyo ndiyo sababu ya safu. Inawalazimisha kusimama, kutazama, na mara nyingi kumsalimia mtu. Ndiyo maana "upepo wa kawaida" unaniudhi.

Siku yangu ya mwisho kazini ningeweza kukaa ofisini nikala keki. Nilivuka. Mlingoti wa hoteli ulikuwa hauna bendera bado. Erick alishaandika kwamba Jitesh anaweza kuomba upya, majibu ya alasiri yalikuwa mazuri miezi kumi na minne mfululizo, na Jitesh anasema anafikiria. Ila juu ya mlingoti palikuwa na kitu kinapepea. Kipande cha khanga, chekundu, kimefungwa kwenye kamba ya bendera.

Jitesh akaniambia, "Ni Mama Nyabise. Aliniomba. Kutoka mwaloni wanauona mlingoti vizuri, wanajua saa ya kugeuza dagaa. Na wageni wangu nimewaambia, kikielekea nchi kavu ni maji ya ziwani yanakuja. Sasa Erick akinipa bendera yake, sijui nitaifunga wapi."

Nikaingia majini na mabuti ya Mzee Magesa. Mama Nyabise alishuka kwenye mawe, akasimama pembeni yangu, kitenge amekishika juu ya magoti, kama msimamizi wa mtihani. Nikainamisha chupa, nikaacha nafasi ya vidole viwili, nikafunga.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa tisa na dakika kumi."

Akainua macho kwenye khanga yake, ilikuwa imenyooka kuelekea nchi kavu.

"Na upepo?"

"Wa ziwani, mama."

"Haya," akasema. "Andika."